Maswali ya Wasomaji: Chakula Kinatosha Duniani, Mbona Watu Wanalala na Njaa?

Barua za mwezi huu zimetoka pande nyingi, lakini karibu zote zinauliza jambo moja: je, dunia ina uwezo wa kumlisha kila mtu? Tumechagua tisa. Nyingine tumezijibu kwa urefu kwa sababu jibu fupi lingempotosha msomaji. Majina ya walioandika tumeyaacha.

Mwalimu wa sekondari, Tabora: Ndugu wahariri, wanafunzi wangu wamegawanyika pande mbili. Wengine wanasema Malthus, yule mchumi Mwingereza wa zamani, alikuwa sahihi, kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula. Wengine wanasema chakula kipo tele. Nani yuko sahihi?

Mwalimu, wape hesabu waipige ubaoni. Dunia huvuna takriban tani bilioni 2.8 za nafaka kwa mwaka, ukijumlisha mahindi, ngano, mchele, mtama, shayiri na nyinginezo. Watu ni kama bilioni 8.2. Gawanya, na kila mtu, kuanzia mtoto mchanga hadi kikongwe, anapata kilo 340 kwa mwaka, yaani gramu 930 hivi kwa siku. Kilo moja ya nafaka kavu ina kilokalori 3,400 hadi 3,600, kwa hiyo fungu hilo la siku moja lina zaidi ya kilokalori 3,100. Mashirika ya misaada hupanga mgao wa dharura kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Na hapo hatujagusa mihogo, viazi, ndizi, maharage, mafuta, sukari, maziwa, nyama wala samaki.

Swali la pili la kuwauliza wanafunzi ni hili: nafaka hiyo inakwenda wapi? Chini ya nusu yake ndiyo huliwa na binadamu moja kwa moja. Zaidi ya theluthi moja hulishwa mifugo, na iliyobaki huenda viwandani, huwekwa kama mbegu au hupotea. Nchini Marekani pekee, zaidi ya theluthi moja ya mahindi huingia kwenye viwanda vya ethanoli, mafuta yanayochanganywa na petroli, ingawa sehemu ya makapi yake hurudi kuwa chakula cha mifugo. Pamoja na matumizi hayo yote, chakula kinachobaki kwa ajili ya watu bado kinazidi mahitaji ya mwili wa wastani. Hata hivyo Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa mwaka 2024 watu wapatao milioni 673 walikuwa na njaa, na bilioni 2.6 hawakuweza kumudu gharama ya mlo kamili.

Malthus aliandika hoja yake mwaka 1798, dunia ikiwa na watu wasiofika bilioni moja. Hakuweza kujua kwamba mwaka 1909 mkemia Mjerumani Fritz Haber angetengeneza amonia, malighafi ya mbolea ya nitrojeni, kutokana na nitrojeni ya hewani, na kwamba mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kingeanza kuizalisha kwa wingi. Hakujua pia kuhusu ngano fupi za mtafiti wa mazao Norman Borlaug kule Meksiko, wala mpunga wa IR8 uliotolewa Ufilipino mwaka 1966. Ngano na mpunga wa zamani ukiwekewa mbolea nyingi ulirefuka na kuanguka. Aina hizi fupi zilisimama na kubeba suke zito. Kwa hiyo upande wa pili wa darasa lako uko sahihi kwa leo. Ila wasishangilie mno, maana amonia hutengenezwa kwa gesi asilia, na gesi ikipanda bei, mbolea hupanda nayo. Mwaka 2022 wakulima wa Afrika Mashariki waliliona hilo waziwazi, hata serikali ya Tanzania ikaanzisha ruzuku ya mbolea Agosti mwaka huo.

Msomaji, Muscat: Salaam aleikum. Hapa Omani mvua ni ya kuhesabu na mashamba ni machache, lakini maduka yamejaa. Kwetu Afrika mvua ipo, ardhi ipo, na watu wana njaa. Hili linaelezwaje?

Waaleikum salaam. Anayekula ni mwenye uwezo wa kukipata chakula, awe amekilima au hakukilima. Mchumi Amartya Sen alilionyesha hili kwa njaa ya Bengal ya mwaka 1943, iliyoua watu kati ya milioni 2 na 3. Hoja yake ni kwamba mavuno ya mwaka ule hayakuwa mabaya kiasi cha kueleza vifo vile. Mwaka 1941 mavuno yalikuwa madogo zaidi na njaa ya namna ile haikutokea. Kilichotokea ni kwamba bei ya mchele ilipaa wakati wa vita huku ujira wa vibarua wa mashambani, wavuvi na mafundi wadogo ukibaki palepale. Mchele uliokuwapo ukanunuliwa na wengine.

Muscat inanunua, kwa hiyo inakula. Kujilimia kila kitu jangwani si dawa. Saudia ilijaribu: kwa ruzuku kubwa na maji ya visima virefu ikafikia kuvuna tani zipatazo milioni 4 za ngano mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano nje. Maji yale yalikuwa ya kale, hayajazwi na mvua za leo. Mwaka 2008 serikali iliamua kupunguza kilimo hicho hatua kwa hatua, na mwaka 2016 ikaacha kununua ngano ya ndani.

Lakini kutegemea kununua nako kuna hatari yake, na sehemu dhaifu zaidi ni mchele. Katika kila kilo kumi za mchele duniani, ni kilo moja hivi tu inayovuka mpaka. Zilizobaki huliwa nchini zilikolimwa. India peke yake hutoa karibu asilimia 40 ya mchele unaouzwa nje. Julai 2023 ilipozuia mchele mweupe usio wa basmati, bei ilipanda kuanzia Asia hadi bandari za Afrika, ingawa dunia haikuwa imepungukiwa mchele. Nchi tajiri ilitoa mfukoni zaidi. Familia inayotumia zaidi ya nusu ya kipato chake kwenye chakula ilipunguza mlo.

Mkulima, Mbozi, Songwe: Eka yangu ilikuwa ikinipa gunia 20 za mahindi, sasa napata 8. Mbegu nanunua ya dukani, urea naweka mfuko mmoja. Nasikia Mmarekani anapata mara tano. Anatumia nini?

Ndugu mkulima, gunia 8 za kilo 100 kwa eka ni sawa na tani 2 kwa hekta, na huo ndio wastani wa Afrika nzima. Marekani wastani ni tani 11 kwa hekta, kama gunia 44 kwa eka. Huna haja ya kumfuata huko. Kutoka 8 kwenda 16 ndiko kwenye faida kubwa na gharama ndogo, na kwa maoni yetu mashamba ya namna hii ndiyo akiba kubwa ya chakula ambayo dunia haijaitumia. Kuongeza tani moja Iowa, Marekani, ni kazi ngumu. Kuiongeza Mbozi kunahitaji mambo yanayojulikana.

Anza na hesabu ya udongo. Kila tani ya punje za mahindi huondoka shambani na kilo 15 hivi za nitrojeni. Gunia 20 ni tani 2, kwa hiyo kilo 30. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Ukiweka urea tu, umekopa kilo 7 kwenye udongo kila mwaka, na mabua yakiliwa na ng'ombe au kuchomwa umekopa zaidi. Fosforasi hukurudisha hata chembe. Baada ya miaka kumi deni linaonekana kwenye gunia. Weka mfuko mmoja wa mbolea ya DAP wakati wa kupanda, ambao una nitrojeni kilo 9 na fosfati kilo 23, kisha mfuko wa urea wa kukuzia. Jumla ya nitrojeni inakuwa kilo 32, na hapo hesabu inakaa sawa.

Kipimo chake ni kizibo cha soda, ambacho hubeba gramu 5 hivi za DAP. Panda kwa sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, mimea miwili kila shimo. Eka inakuwa na mashimo karibu 9,000, na kizibo kimoja kila shimo ni kilo 45, yaani karibu mfuko wote. Mbolea kwanza, funika kwa udongo wa sentimita 3 hadi 5, ndipo mbegu. Mbegu ikigusa mbolea huungua, na ndiyo maana wengi huona mashimo matupu wakamlaumu muuza mbegu.

Urea inataka uangalifu zaidi. Ukiirusha juu ya udongo mkavu, sehemu yake inageuka hewa na kupotea kabla mmea haujaionja. Subiri mahindi yafike magotini, wiki ya 3 hadi ya 5, udongo uwe na unyevu, palizi iwe imekwisha. Chimba kijishimo sentimita 10 kutoka shina, weka, fukia. Ukipalilia baada ya kuweka mbolea, umeyalisha magugu.

Kama umefanya hayo yote na mahindi bado yanadumaa, pima udongo. Nyanda za Juu Kusini kuna maeneo mengi yenye udongo wa tindikali, na matumizi ya DAP na urea kwa miaka mingi huongeza tindikali hiyo. Ikishuka chini ya 5.5 kwenye kipimo cha pH, fosforasi unayonunua hufungwa na udongo. Hapo dawa ni chokaa ya kilimo, na kiasi chake hutoka kwenye majibu ya maabara; usikisie.

Tunaulizwa sana kama samadi pekee inatosha. Samadi kavu iliyotunzwa kivulini ina nitrojeni asilimia 1 hadi 2, kwa hiyo kilo 30 zinataka kati ya tani moja na nusu na tani 3 kwa eka, na msimu wa kwanza mmea hupata sehemu tu. Mwenye ng'ombe wawili hana samadi ya kutosha eka tatu. Lakini samadi hushika maji na kuufanya udongo uitikie mbolea ya dukani, kwa hiyo changanya: kiganja kimoja au viwili cha samadi kwenye shimo, na mbolea yako. Mbaazi katikati ya mahindi nazo ni msaada wa kweli, kwa kuwa huacha majani mengi yenye nitrojeni shambani baada ya mahindi kuvunwa.

Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja mwaka 2006 kufikia kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta. Kusini mwa Sahara bado tuko kwenye kilo 20 hivi, na wastani wa dunia unapita 100. Kuna nchi zinazomwaga mbolea kupita kiasi hadi mito yao inaharibika. Sisi tatizo letu liko upande wa pili kabisa.

Mama mkulima, Makueni: Hamjambo wahariri. Mwaka jana nilivuna magunia kumi na nikala sita. Mengine yaliingiwa na wadudu na ukungu. Nifanye nini, na je, yale ya ukungu yakipikwa vizuri yana madhara?

Hatujambo, mama. Tuanze na la mwisho kwa sababu linaua: usipike, usiuze, wala usiwape kuku. Ukungu unaoitwa Aspergilasi huacha sumukuvu, au aflatoksini, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004, katika kaunti yako na jirani zenu wa Kitui na kwingineko mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 walifariki kwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 Tanzania nayo ilipoteza watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kipimo kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 tu kwa bilioni. Jicho haliwezi kukiona. Punje inaweza kuonekana safi na bado ina sumu.

Kazi inaanzia shambani. Vuna mara punje inapoonyesha doa jeusi kwenye kitako chake, mahali ilipokuwa imeshikamana na gunzi. Baada ya hapo haiongezeki uzito, inasubiri mvua na fukusi tu. Usirundike chini. Anika juu ya turubai, kina kisizidi sentimita 5, geuza kila baada ya nusu saa, funika jioni. Usipige magunzi kwa fimbo ndani ya gunia: punje iliyopasuka ndiyo mlango wa ukungu. Mashine ndogo ya mkono ya kupukuchulia inafaa zaidi.

Lengo ni unyevu wa asilimia 13. Kama huna kipimo, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, kavu kabisa, na chumvi iliyoanikwa juani ikakauka. Jaza theluthi moja kwa mahindi, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika mbili, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikishika kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Isiposhika, uko chini ya 15, lakini huenda hujafika 13, kwa hiyo anika siku moja au mbili zaidi. Wengi hukosea hapa: huona chumvi haishiki wakafunga mfuko siku hiyohiyo.

Kisha tumia mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka mbili za plastiki ndani na gunia la kawaida nje. Pulizia kila plastiki hewa na kuibana kuona kama inavuja. Jaza polepole huku ukishindilia, kamua hewa, sokota mdomo wa plastiki ya ndani, ukunje, ufunge kwa kamba. Fanya hivyo kwa ya pili, kisha gunia. Kila moja ifungwe peke yake. Wadudu walio ndani humaliza oksijeni na kufa, bila dawa yoyote. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, ili panya wasijifiche, na usifungue kwa miezi miwili ya kwanza. Ukifungua kila wiki kuchota unga wa nyumbani, unawapelekea wadudu pumzi. Afadhali tenga mfuko mmoja wa kula. Mfuko ukitunzwa hudumu misimu miwili au mitatu.

Makosa mawili yanaharibu kila kitu. La kwanza ni kufunga mahindi mabichi: hayataota wadudu lakini yatachacha, na sumukuvu iliyokwisha kuingia haitoki. La pili ni vipande vya gunzi vinavyotoboa plastiki, pepeta kwanza. Dumuzi, yule mdudu aliyeingia Tanzania miaka ya 1970 akasambaa Afrika, naye anaweza kutoboa plastiki kutoka ndani ikiwa mahindi yaliingia akiwa amekwisha kuzaliana, kwa hiyo usicheleweshe kuhifadhi. Kwa msimu ujao ulizia pia Aflasafe KE01, inayotengenezwa na KALRO, shirika la Kenya la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Katumani. Ni punje zenye ukungu wa jamii ileile usiotoa sumu, unaochukua nafasi ya ule wenye sumu. Kiasi ni kilo 4 kwa eka, hurushwa shambani wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu.

Kuna jambo la soko ambalo mkulima peke yake hawezi kulitibu. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 zikikaushwa hadi 13 hubaki kilo 92. Mfanyabiashara anayelipa bei moja kwa kilo, kavu au bichi, anamkata mkulima mwangalifu kilo 8. Mpaka wanunuzi walipe zaidi kwa mahindi makavu, wengi wataendelea kuuza mabichi, na hasara itahamia ghalani kwa mtu mwingine. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) linakadiria kuwa asilimia 13 hivi ya chakula duniani hupotea kati ya mavuno na duka.

Mama wa watoto wawili, Makambako: Kwetu Njombe chakula hakijawahi kuwa shida. Mahindi, viazi, vyote vipo. Kliniki wananiambia mwanangu wa mwaka na nusu amedumaa. Inawezekanaje?

Pole, mama, na ahsante kwa kuuliza. Si wewe peke yako. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, lakini Iringa ilikuwa karibu 57, na Njombe na Rukwa karibu 50. Ni mikoa inayolisha nchi. Kwa hiyo anayedhani tani nyingi zinamaliza njaa, aitazame ramani hiyo.

Mtoto wa umri huo ana tumbo dogo. Uji mwepesi wa mahindi sehemu kubwa ni maji. Anashiba kabla hajala. Na protini ya mahindi imepungukiwa laisini, kirutubisho ambacho maharage, karanga, dagaa, maziwa na mayai wanacho. Ongeza kuhara mara kwa mara, na mama anayerudi shambani alfajiri akimwacha mtoto na uji wa asubuhi hadi mchana.

Pika uji mzito: ukiinamisha kijiko, ushikilie, usichuruzike kama maji. Mtoto wa miezi 12 hadi 23 ale milo 3 hadi 4 kwa siku pamoja na kitu kidogo katikati, na maziwa yako yaendelee hadi miaka miwili. Kwenye bakuli la uji koroga kijiko kikubwa cha karanga zilizokaangwa na kusagwa, au dagaa waliosagwa, au yai. Kwenye ugali aongezewe maharage yaliyopondwa, mboga za majani zenye mafuta kidogo, na tunda. Kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, kimoja cha wastani, kinampa vitamini A ya siku nzima. Mganda Robert Mwanga alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi iliyohusu viazi hivyo na mazao mengine yaliyoongezewa virutubisho.

Tuseme neno juu ya unga wa lishe unaosagwa pamoja na nafaka tano na karanga mbichi ukakaa mwezi mzima jikoni. Hatuupendekezi. Mafuta ya karanga huchacha, na karanga moja yenye ukungu huchafua unga wote. Nafaka moja au mbili zinatosha. Karanga chagua kwa mkono, tupa zilizosinyaa na kubadilika rangi, uziweke wakati wa kupika. Na mpeleke kupimwa uzito na urefu kila mwezi. Bado ana miezi ya kufaidika.

Kijana mfugaji wa kuku, Mwanza: Je, tukiacha kula nyama njaa itaisha?

Inategemea nyama ya nani. Kuku wa kisasa hula kilo 1.7 hadi 2 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake, na ng'ombe wa kunenepeshwa kwa nafaka huhitaji mara tatu au nne ya hapo. Nchi zinazokula nyama ya namna hiyo kila siku zikipunguza, nafaka nyingi itaachwa. Ng'ombe wa Mmasai au Msukuma anayekula majani kwenye ardhi isiyolimika hamnyang'anyi mtu chakula, na karibu theluthi mbili ya ardhi ya kilimo duniani ni malisho. Kwako Mwanza tungeangalia zaidi dagaa. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria huishia kwenye chakula cha kuku, mara nyingi kwa sababu walianikwa mchangani wakaingia uchafu. Wakianikwa kwenye chanja za wavu zilizoinuliwa, hubaki safi na kupata bei ya chakula cha watu. Wewe mwenyewe unaweza kupunguza dagaa kwenye mchanganyiko wako kwa kutumia mashudu ya alizeti na soya iliyokaangwa. Soya mbichi usitumie, huzuia kuku kumeng'enya protini.

Msomaji, Bukavu: Jambo wahariri. Udongo wa Kivu unaotesha kila kitu. Njaa yetu inatoka wapi?

Jambo sana. Tathmini za miaka ya karibuni zinaweka Wakongo wenye uhaba mkali wa chakula juu ya milioni 25, moja ya idadi kubwa kabisa duniani. Chanzo kikuu upande wenu ni vita. Mkulima anayekimbia kabla ya kupanda hukosa mavuno. Anayekimbia mara ya pili hukosa na mbegu, maana mbegu ya maharage ni ile aliyoibakiza. Muhogo huvumilia kwa sababu unaweza kukaa ardhini zaidi ya mwaka, lakini ukikaa mno hukakamaa. Barabara zenye vizuizi vya kutoza fedha hufanya gunia lililo kilomita 60 kuwa ghali kuliko lililotoka ng'ambo.

Neno baa la njaa lina vipimo vyake. Hutangazwa pale ambapo angalau kaya 1 kati ya 5 hazina chakula kabisa, asilimia 30 ya watoto wana utapiamlo mkali, na watu 2 kati ya 10,000 wanakufa kila siku. Somalia ilifikia hapo mwaka 2011, na kambi ya Zamzam, Darfur, Sudan, mwaka 2024. Kusubiri tangazo ni kuchelewa: Somalia karibu nusu ya waliokufa walikuwa wamekwisha kufa kabla ya tangazo la Julai. Soko likiwa wazi, fedha taslimu husaidia haraka kuliko malori ya unga, na huwalipa wakulima wa jirani. Soko likifungwa, chakula chenyewe ndicho kinachohitajika, pamoja na mbegu na majembe kabla ya mvua.

Mwanafunzi wa chuo, Nairobi: Na mwaka 2050?

Umoja wa Mataifa unatabiri watu bilioni 9.7 mwaka huo, na kilele cha bilioni 10.3 hivi katikati ya miaka ya 2080. Makadirio ya FAO ni kwamba uzalishaji uongezeke kwa karibu nusu ukilinganisha na mwaka 2012. Hilo linawezekana kwa mashamba yaliyopo ikiwa mavuno ya Afrika yatapanda. Kinachotutia wasiwasi ni maji na joto. Kilimo tayari kinachukua asilimia 70 ya maji yote yasiyo ya chumvi yanayochotwa, na kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka hupunguza mavuno ya mahindi ya dunia kwa takriban asilimia 7. Ukichagua somo la kubobea, umwagiliaji wa wakulima wadogo unakosa watu.

Baba wa familia, Dar es Salaam: Tunatupa wali na ugali kila siku. Nikiacha kutupa, utamfikia mwenye njaa?

Hautamfikia moja kwa moja. Lakini kaya duniani hutupa kilo 79 za chakula kwa kila mtu kwa mwaka, na kwa familia ya watu watano hizo ni karibu kilo 400 ulizokwisha kuzilipia. Pima mchele kabla ya kupika: gramu 75 hadi 100 kwa mtu mzima zinatosha pamoja na mboga. Wali uliobaki usiuache sufuriani usiku kucha kwenye joto la Dar, kwa kuwa kuna bakteria wanaostahimili kupikwa, na sumu yao haiondolewi kwa kupasha moto. Utandaze kwenye sinia upoe, uingize kwenye friji ndani ya saa moja au mbili, uule kesho yake ukiwa umepashwa moto mpaka utoe mvuke, mara moja tu.